KUFUNDISHA MAISHA YA MBEGU: KUKUSANYA NA KUHIFADHI MBEGU ZA MREHANI

Utangulizi

Wanachuo wengi wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha hupangiwa mada ya kuota kwa mbegu. Karibu wote hufanya jambo moja. Hununua maharage sokoni, huyalaza juu ya pamba yenye maji ndani ya kopo, na baada ya siku chache huwaonyesha wanafunzi mzizi na shina changa. Somo hilo si baya. Maharage ni makubwa, huota upesi, na sehemu zake huonekana bila kioo cha kukuzia. Hata hivyo, somo hilo huanzia katikati ya safari. Mtoto haoni mbegu ilitoka wapi, ilivunwa lini, wala ilitunzwaje hata ikamfikia ikiwa bado hai. Ukimwuliza mbegu hutoka wapi, atajibu kwamba hutoka dukani. Hatuna haki ya kumcheka, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha.

Katika makala hii tutajaribu kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kufundisha safari nzima ya mbegu, tangu ua hadi mche mpya, kwa kutumia mrehani. Kazi yenyewe ni nyepesi, na vifaa vyake hupatikana katika kila kijiji. Ugumu wake ni mmoja tu: yataka subira na kumbukumbu za kweli. Mwalimu asiyekuwa na mambo hayo mawili anaweza kuharibu mbegu na kuharibu somo pia, kama ilivyotutokea sisi.

Kosa tulilolifanya

Tulipokuwa wanachuo tulipangiwa kufundisha Sayansi Darasa la Nne. Tulitaka kutumia mbegu tulizozivuna wenyewe, tukaomba masuke ya mrehani katika ua wa jirani. Yalikuwa nusu mabichi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha asubuhi ile. Tuliyapura kwa mikono, tukazifunga mbegu ndani ya mfuko wa nailoni, tukazitia sandukuni kwa muda wa wiki tatu. Siku ya somo tuliwagawia watoto, nao wakazipanda katika makopo, kila kopo likiwa na jina la mwenyewe.

Siku kumi zilipita, kisha kumi na tano, na hapana kilichoota. Mtoto mmoja wa kike alisimama akauliza, "Mwalimu, labda mbegu zenyewe zilikuwa zimekwisha kufa?" Tulimjibu kwamba mbegu ni nzima, ila wao hawakumwagilia vema. Jioni ile tuliufungua mfuko. Ulinuka uvundo, na mbegu zilizosalia zilikuwa zimeshikamana kwa ukungu. Mazoezi yalikuwa yamebakiza siku mbili. Tuliondoka shuleni pale bila kuwaambia watoto ukweli.

Kosa la kwanza, la kuvuna mapema na kufunga mbegu mbichi, ni kosa la kazi ya mikono, na tutaonyesha hapa chini namna ya kuliepuka. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mtoto yule alikuwa amefanya hasa lile ambalo somo la Sayansi linamtaka alifanye: aliona, akafikiri, akatoa dhana inayoweza kupimwa. Sisi tuliikataa dhana yake bila kuipima, tena tukawatwika wenzake lawama isiyo yao. Hatua zote tutakazozieleza zinakusudia kumwezesha mwalimu asifikwe na hali hiyo.

Kwa nini mrehani?

Mrehani unafaa kwa sababu kadhaa. Kwanza, watoto wa pwani wanaujua. Hupandwa karibu na nyumba, na majani yake huchanganywa na asumini katika vikuba wanavyojipamba navyo akina mama. Pili, ni mmea wa muda mfupi: kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi minne tangu kupandwa hadi kutoa mbegu zilizokomaa, kulingana na joto na maji. Tatu, mpangilio wake ni wazi, hata mtoto anaweza kuusoma kwa macho na vidole.

Mwalimu awape wanafunzi shina la mrehani walipapase. Watatambua kwamba lina pande nne. Majani yamekaa mawili mawili yakielekeana. Maua yamezunguka suke kwa vikundi, na kwa kawaida kila kikundi kina maua sita. Kila ua limekaa katika kijikombe, na ua likianguka hubaki humo mbegu nne ndogo. Alama hizi za shina la pande nne, majani yanayoelekeana na mbegu nne katika kijikombe huonekana pia katika ndugu za mrehani, kama vile mnanaa, kivumbasha, na lavenda, mmea wa manukato unaolimwa sana kusini mwa Ufaransa. Kwa hiyo mtoto anayeujua mrehani vizuri amepata ufunguo wa jamii nzima ya mimea.

Hapa ipo pia nafasi ya Hisabati. Tuseme suke moja lina vikundi kumi vya maua. Vikundi kumi mara maua sita, mara mbegu nne, ni mbegu 240. Baadaye wanafunzi watahesabu mbegu walizozipata kwa kweli, nao wataona kwamba ni pungufu. Waulizwe ni kwa nini. Baadhi ya maua hayakuchavushwa, mbegu nyingine zilianguka kabla ya kuvunwa, na nyingine zilipeperushwa na upepo wakati wa kupepeta. Tofauti kati ya hesabu ya ubaoni na hesabu ya ungoni ni somo lenye manufaa.

Kupanga wakati

Somo hili haliwezi kumalizika katika kipindi kimoja. Mwalimu hana budi kulipanga katika azimio la kazi la mwaka, akifikiria majira ya mahali alipo. Adui mkubwa wa mbegu ni unyevu, basi inafaa mmea ukuzwe wakati wa mvua na mbegu zikomae wakati wa ukavu.

Kwa shule nyingi za pwani ya Tanzania, mbegu zikisiwa mwishoni mwa Machi, miche itasaidiwa na masika, maua yatatokea karibu na Juni, na mbegu zitakomaa wakati wa kipupwe, shule zinapofunguliwa kwa muhula wa pili. Wakati wa likizo ya Juni wanafunzi wanaokaa karibu na shule wapangiwe zamu ya kumwagilia. Walimu wa sehemu nyingine wabadili miezi kulingana na mvua zao, ila kanuni ni ile ile: hesabu kurudi nyuma kuanzia majira ya ukavu.

Kuchagua mimea mama

Wanafunzi wazoeshwe kuchagua mimea ya mbegu mapema, kabla mavuno hayajafika. Wachague ile yenye afya, yenye majani mengi na harufu nzuri, isiyokuwa na madoa wala wadudu, wala isiyotoa maua upesi kabla ya kunenepa. Mimea hiyo ifungwe uzi mwekundu, na darasa zima lielezwe kwamba masuke yake hayakatwi. Anayetaka majani ya kunukia huyakata masuke ili mmea uzidi kuchipua. Anayetaka mbegu huyaacha. Ni vizuri mimea mama iwe mitano au zaidi, maana mbegu za mmea mmoja hubeba udhaifu wa mmea ule mmoja.

Jambo la kuangalia ni nyuki. Nyuki hupenda sana maua ya mrehani, nao huhamisha chavua toka mmea hata mmea. Ikiwa shuleni kuna mrehani wa majani mapana na mrehani wa majani membamba, na yote imechanua kwa wakati mmoja, mbegu zitakazopatikana huenda zikatoa miche ya mchanganyiko. Njia nyepesi ni kuruhusu aina moja tu ichanue kwa wakati wake na kukata masuke ya nyingine. Lakini mwalimu mwenye nafasi anaweza kuziacha kwa makusudi zichanganyike, ili mwaka unaofuata wanafunzi waone watoto wa mimea wasiofanana na mama yao.

Kuvuna

Maua ya mrehani huchanua kuanzia chini ya suke kwenda juu, na mbegu hukomaa kwa utaratibu huo huo. Hivyo mbegu za chini zaweza kuwa zimekomaa ilhali ncha ya suke bado ina maua. Mwanachuo asiyejua jambo hili huvuna mapema akiharakishwa na ratiba, au huchelewa hadi mbegu zilizo bora zikaanguka.

Dalili za kukomaa zitazamwe kwa macho na kupimwa kwa kidole. Kijikombe hubadilika kutoka kijani kuwa kahawia na kukauka. Mwanafunzi akipukuse juu ya karatasi nyeupe. Mbegu zilizokomaa ni nyeusi na ngumu. Zilizo nyeupe au zinazopondeka kwa ukucha ziachwe. Suke likiwa limekauka kwa kiasi cha theluthi mbili, likatwe. Kazi hii ifanywe katikati ya asubuhi, siku isiyo na mvua, baada ya umande kukauka.

Masuke yafungwe mafungu madogo, yatiwe vichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi au wa kitambaa, kisha yaning'inizwe kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili. Mfuko utapokea mbegu zinazoanguka. Mfuko wa nailoni usitumiwe, kwa kuwa huzuia mvuke usitoke.

Kupura na kupepeta

Masuke yakikauka yasuguliwe taratibu kati ya viganja juu ya ungo au gazeti. Kwanza yaondolewe mabua kwa mkono, kisha mchanganyiko upitishwe katika chujio la chai, na mwisho makapi yapeperushwe kwa kupuliza kidogo. Mbegu ni ndogo mno, na ungo ukirushwa kwa nguvu kama wa mpunga zitaruka pamoja na makapi.

Mbegu za mrehani zisioshwe kamwe. Ili wanafunzi waelewe sababu, mwalimu achukue mbegu chache azitie katika sahani yenye maji. Katika muda wa dakika chache kila mbegu itajivika ute wa kijivu, ivimbe, na iwe ya kuteleza. Huko India mbegu hizi hulowekwa namna hiyo na kutiwa katika kinywaji cha faluda. Ute huo huishikiza mbegu udongoni na kuitunzia maji inapoanza kuota. Ni msaada mkubwa kwa mbegu iliyo kitaluni, lakini kwa mbegu iliyo ghalani ni mwanzo wa ukungu.

Kukausha na kuhifadhi

Mbegu zilizopepetwa zitandazwe tabaka moja juu ya karatasi, kivulini, kwa siku chache zaidi. Zisianikwe juu ya bati lenye jua kali, kwani joto la kupita kiasi huua mbegu. Kisha zitiwe katika bahasha ndogo, na bahasha itiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza. Ili kunyonya unyevu uliosalia, kaanga mchele bila mafuta hadi ubadilike rangi, uache upoe ndani ya chombo kilichofunikwa, uufunge katika kitambaa, kisha uutie chini ya chupa. Chupa iwekwe penye giza na ubaridi, mbali na jiko na mbali na dari la mabati.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni iliyotolewa na James Harrington, nayo inafaa kukaririwa na kila mwalimu. Kwa mbegu zinazostahimili kukaushwa, kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, au joto la ghala kwa nyuzi 5 hivi za sentigredi, umri wake wa kuhifadhika huongezeka takriban mara mbili. Kanuni hii ina mipaka yake, lakini hutufahamisha kwamba mwalimu asiye na jokofu hajakosa njia. Akikausha vizuri amekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi.

Kila chupa iwe na kibandiko ndani na nje, kilichoandikwa kwa penseli: jina la mmea, aina yake, mahali ulipopandwa, tarehe ya kuvunwa, na majina ya wavunaji. Wanafunzi wenyewe waandike. Chupa isiyo na kibandiko ni kama mtoto asiyeandikishwa shuleni: yupo, lakini hapana ajuaye habari zake.

Kupima uhai wa mbegu

Sasa tunafika katika hatua ambayo sisi tuliiacha. Mbegu iliyokufa na mbegu iliyo hai hufanana kwa macho. Njia ya kuaminika iliyo mikononi mwa mwalimu ni kupima, na kipimo kifanywe kabla ya siku ya kupanda.

Hatua zake ni hizi:

(a) Darasa ligawanywe katika vikundi vinne, na kila kikundi kihesabu mbegu 25 bila kuchagua nzuri.

(b) Kila kikundi kizipange mbegu katika mistari mitano juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, ndani ya sahani, kisha kifunike kwa sahani nyingine. Karatasi iwe na unyevu bila kuogelea.

(c) Zilizoota zihesabiwe siku ya nne, ya saba, ya kumi na ya kumi na nne, na kila hesabu iandikwe siku ile ile, hata ikiwa ni sifuri.

(d) Hesabu za vikundi vyote zijumlishwe. Kwa kuwa jumla ya mbegu ni 100, idadi ya zilizoota ndiyo asilimia.

Matokeo yatumike. Tuseme shule inahitaji miche 40. Ikiwa mbegu 80 kati ya 100 zimeota, zipandwe mbegu 50. Ikiwa zimeota 50 tu, zipandwe 80. Ikiwa haikuota hata moja, darasa halikupoteza kitu. Limepata swali, nalo lichunguze lilipokosea: katika kuvuna, kukausha, au kuhifadhi. Wakati wa kupanda mbegu zifunikwe kwa udongo laini usiozidi nusu sentimita, kwani mbegu ndogo ikizikwa mbali huchoka kabla ya kuona mwanga.

Darasa lenye ari linaweza kuendelea. Nusu ya mbegu itunzwe katika chupa iliyoelezwa hapo juu, na nusu katika karatasi iliyo wazi juu ya dirisha. Kila baada ya miezi mitatu zipimwe zote mbili, na asilimia ziandikwe katika daftari moja litakalorithiwa na darasa linalofuata. Huenda wanafunzi wakavutiwa kusikia kwamba mwaka 1879 mwalimu mmoja wa chuo cha kilimo cha Michigan, Marekani, aitwaye William Beal, alizika ardhini chupa 20 zenye mbegu za magugu zilizochanganywa na mchanga, ili ijulikane zinaweza kuishi udongoni muda gani. Yeye amekwisha fariki zamani, lakini waliomfuata chuoni hapo wamekuwa wakizifukua kwa zamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 142, ilikuwa na mbegu zilizoota. Chupa ya mwisho imepangiwa mwaka 2100. Jaribio hilo limedumu kwa sababu kila aliyelipokea aliandika alichokiona.

Si kila mbegu hukaushwa

Mwalimu awe mwangalifu asiwaachie watoto kanuni isiyo ya kweli. Tuliyoyasema juu ya kukausha yanafaa kwa mrehani, mchicha, mahindi, kunde na mimea mingi ya bustani. Mbegu za mwembe, mfenesi na mkakao zikikaushwa hufa. Hizo hupandwa zikiwa mbichi, mara baada ya tunda kuliwa. Muhogo na muwa huendelezwa kwa vipande vya shina. Na ule ndugu wa mrehani tuliomtaja, lavenda, mara nyingi mbegu zake hukataa kuota mpaka zipitie kipindi cha baridi, na miche yake huweza kutofautiana na mama. Ndiyo maana wakulima wengi wa lavenda hupanda vipandikizi. Wanafunzi wakiuliza kwa nini mimea hutofautiana hivyo, waongozwe kufikiri juu ya asili ya kila mmea: mbegu inayoanguka katika msitu wenye mvua nyingi haina haja ya kungoja, bali ile inayoanguka penye kiangazi kirefu, au penye baridi kali, lazima ijue kusubiri.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuhifadhi mbegu ni kazi ya mikono na ya akili kwa pamoja. Mtoto aliyechagua mmea mama, akangoja kijikombe kikauke, akapepeta, akaandika kibandiko, akahesabu mbegu zilizoota, hataiona tena mbegu kuwa ni kitu cha dukani tu. Aidha shule itakuwa na akiba ya mbegu isiyoigharimu fedha.

Tunawashauri wanachuo waanze kabla ya mazoezi kuwafikia. Pandeni mrehani nyuma ya bweni, vuneni, pimeni, na mwende shuleni na mbegu mnazozijua asilimia yake. Kila mara bakizeni mbegu kidogo katika chupa hata baada ya somo kwisha. Siku moja kopo litakataa kuota, na mtoto atasimama aulize kama mbegu zilikuwa zimekufa. Siku hiyo msimlaumu mtu. Toeni chupa, mpeni mbegu ishirini na tano na karatasi yenye maji, na mwambieni: "Hatujui bado. Tupime."